Kikombe cha Mhandisi

Kinu cha utafiti wa nyuklia hakikuruhusiwa kuwashwa mpaka mhandisi wake anywe maji ya kisima cha jirani, mwenye kisima akimtazama. Kila asubuhi Nyamizi, mwenye kisima, mwanawe Kabula mgongoni, alimchotea Mhandisi Ndahani kikombe huku akiishukuru sheria hiyo. Nani atachafua maji atakayoyanywa mwenyewe?

"Shikamoo, mhandisi. Umechelewa, au mkeo kakunyima chai?"

"Marahaba, mama Kabula. Lete."

Akanywa yote, akafuta mdomo. Nyamizi akachota tena, akampelekea mtoto mdomoni. Ndahani akamdaka mkono.

"Huyu mtoto, mama, leo mchemshie maji ya mvua."

Nyamizi akayamwaga, akamshukuru kwa dhati. Ndahani akaenda kuwasha kinu, maana sheria ilikuwa imetimizwa.