Farasi Aliyemfuata Mbwa

Kiroboto alimtanguliza mbwa dirishani, kisha akapitisha mguu wa kushoto, kisha wa kulia, akatua katikati ya maua ya mke wa Mwalimu Mkuu. Ua moja lilivunjika. Alilichomeka ardhini likasimama kama zima, akajipangusa magoti, akashika njia.

Nyuma yake, watoto wawili wa Mwalimu Mkuu, aliolala nao chumba kimoja, waliongeza sauti ya redio. Hakuna aliyewaomba.

Angeweza kupitia mlangoni, ila sebuleni alikuwepo Mwalimu Mkuu mwenyewe, anasahihisha mitihani, na kiti chake alikuwa amekigeuza kikaelekea mlango.

Hakuwa mtu mbaya. Msiba ulipotokea, yeye ndiye aliyekuja na gari kumchukua Kiroboto, pamoja na sanduku lake na mbwa wake Kelele, ambaye hajawahi kubweka. Akampa kitanda, akampa nafasi mezani, na mbwa akapewa kona jikoni. Farasi tu ndio waliokuwa shida. Tangu siku ile farasi aitwaye Kisirani alipomrusha Kiroboto na kumvunja mfupa wa bega, Mwalimu Mkuu alizifungia buti zake za kupandia kabatini na kusema kwamba mambo ya banda la farasi yamekwisha. Kwa umri ule, alisema, mtu anatakiwa atulie nyumbani. Majirani walikuwa wameanza kuuliza kama humo ndani hakuna wa kumwangalia.

Kiroboto alimsikiliza mpaka mwisho. Bega lilipopona, akarudi bandani amevaa raba.

Jina lenyewe alipewa huko huko bandani, kwa udogo wa mwili wake, na kwa sababu akishapata mgongo wa farasi hang'oki. Ni Kisirani peke yake aliyewahi kumwangusha, na hakumwekea kinyongo. Wengine walimwita farasi mkorofi. Yeye alijua ni mwoga. Kisirani aliogopa viunzi vya kuruka, aliogopa miavuli, aliogopa ndoo ikihamishwa mahali pake. Kelele peke yake ndiye ambaye farasi huyo hakumwogopa. Mbwa akitembea, farasi alimfuata. Mbwa akiruka gogo, farasi naye aliliruka, kana kwamba mwenzake ameshamhakikishia kuwa ng'ambo ni salama. Kiroboto aliona jambo hilo mchana mmoja, akacheka peke yake, na tangu hapo akawa anawafundisha wote wawili pamoja.

Mwenye banda hakuwa na subira hiyo. Alikuwa amechoka kulisha farasi asiyepandika, akatangaza kwamba Kisirani asipomaliza viunzi vyote kwenye mashindano ya Jumamosi, lori la mchinjaji litamfuata. Wapandaji wake wote walitazama pembeni. Kiroboto akasema atampanda yeye.

Maneno hayakawii. Ijumaa jioni Mwalimu Mkuu alikuja kuketi ukingoni mwa kitanda chake. Hakupaza sauti, hakuwa na tabia hiyo.

"Ukimpanda tena yule farasi," alisema, "nitampeleka mbwa kwa watu wengine. Nisamehe, lakini siko tayari kukuzika."

Kiroboto alikuwa anamchana Kelele manyoya. Hakuinua kichwa.

"Watu gani hao?" aliuliza. "Nijue mapema, maana na mimi nitahamia huko huko."

Mwalimu Mkuu aliinuka, akaondoka bila kuaga. Kesho yake ndipo kiti kilipogeuzwa.

Uwanjani, wapandaji wa buti zinazong'aa waliziangalia zile raba, kisha wakamwangalia mbwa, kisha wakaangaliana. Mmoja alimwuliza kwa upole kama amepotea. Mwamuzi alimwambia mbwa haingii uwanjani. Kiroboto akataka kujua kama kuna sheria inayomkataza mbwa kukimbia nje ya uzio, na mwamuzi, baada ya kujikuna kidevu, akakiri kwamba hakuna. Mtangazaji aliisogeza karatasi karibu na macho, akasita, kisha akamwita Kiroboto uwanjani.

Kelele alikimbia kandokando ya uzio, na Kisirani akakimbia naye. Viunzi vya mwanzo alivipita bila kugusa mti. Kisha mtu fulani jukwaani akafungua mwavuli.

Farasi alikwama. Mwili wote ulimtetemeka, masikio yakalala nyuma, na watu wakainuka vitini wakingoja kuona mtu akirushwa. Kiroboto hakuvuta hatamu wala hakumpiga. Aliinama shingoni mwake, akapiga mluzi mmoja. Nje ya uzio, Kelele akaliruka benchi la watazamaji, pamoja na bwana aliyekuwa amelikalia. Kisirani akamwona. Akapumua kwa nguvu, akaruka kiunzi, na kile kilichofuata, na cha mwisho.

Kwa hesabu ya muda walikuwa wa mwisho. Mwenye banda hakujali hilo. Alivua kofia, akatoa simu, akamwambia mchinjaji asijisumbue.

Hapo ndipo Mwalimu Mkuu alipotokea, anapenya katikati ya watu na malapa ya nyumbani miguuni, wanawe wakimfuata mbio. Alizishika hatamu kwa mikono miwili. Macho yalikuwa yamemjaa machozi, na haikujulikana kama ni ya hasira au ya kitu kingine.

"Mama," alisema, "shuka, tafadhali. Wajukuu wako wanakuangalia."

"Basi niachie nizunguke tena, mwanangu," Kiroboto alisema. "Huyo mdogo ndiyo kwanza anafika."