Daftari la Bwana Ulimi

"Sema unachoonja, usinikodolee macho," alisema Bwana Ulimi, akimsogezea shemeji yake glasi ya pili.

Shemeji, fundi cherehani na mdogo wa mkewe, alimeza funda akakunja uso. Alisema inawasha mwishoni, mambo ya pilipili manga, halafu kuna ukakasi unabaki kooni.

"Pilipili manga," alirudia Bwana Ulimi polepole. "Haya ndiyo malipo ya kumpa mtu wa vifungo bia ya watu wazima."

Kisha akaandika kitu kwenye daftari lake jeusi, akalitia mfukoni mwa koti. Hakuna aliyewahi kuona ndani yake. Fundi aliamini ni orodha ya ujinga wake, na dada yake hakuwa na la kumpinga.

Jamani, mtu yule alikuwa na dharau! Miaka ishirini na mbili alikuwa mkuu wa waonjaji katika kiwanda cha bia, na jina la Bwana Ulimi alipewa hukohuko. Homa iliyomlaza mwanzoni mwa mwaka ilimwachia kiburi maradufu. Siku hizi kiwandani aliwaacha wenzake waonje na kusema yote, yeye amebinua midomo tu, halafu akatamka "Hovyo" na kutoka nje.

Sasa meneja mpya alitaka bia chungu ya rai, ile nafaka jamaa ya ngano. Alimpa Bwana Ulimi na msaidizi wake miezi mitano, kila mtu atunge mapishi yake nyumbani, kwa sufuria ya lita nne. Mshindi angekuwa mkuu wa waonjaji. Mwingine angepewa mkono wa kwaheri. Msaidizi huyo Bwana Ulimi alimwita Birika, kwa kuwa, alisema, kazi yake ni kupokea na kumimina.

Basi jiko la mkewe likatekwa. Kimea cha shayiri kilipimwa kwa mizani ya gramu, na rai ikanata kwenye chujio kama gundi. Maua makavu ya hopsi, yale yanayoipa bia uchungu na harufu, yalitiwa kwa saa mkononi: mengine mwanzo wa mchemsho, mengine dakika tano za mwisho. Kila baada ya wiki tatu chupa zilifunguliwa, fundi akaitwa kuonja na kutukanwa.

Mkewe naye alikuwa na lake. Zamani chumvi ikipungua kidogo tu, sahani ilirudi jikoni. Siku moja alisahau chumvi kabisa kwenye maharage, na mumewe akala mpaka akamaliza, kimya. Hilo lilimuuma kuliko tusi. Alimwambia ndugu yake kwamba sasa hata kulalamikia chakula chake mume wake anaona ni kujishusha.

Kuna mchana alikuwa chumbani anakunja nguo, akasikia harufu ya kuungua. Alikimbilia jikoni. Mumewe alikuwa ameinamia sufuria, kipimajoto mkononi, anakoroga kwa utulivu wake wote.

"Inaungua hiyo!"

"Nani amekuomba pua yako?" alimjibu bila kugeuka. "Ndivyo ninavyoitaka."

Jioni mkewe aliikuta bia yote imemwagwa mtaroni. Hakuuliza. Kwa mume wa aina ile unauliza nini?

Zikiwa zimebaki siku nne, fundi alichoka. Alimtuma mtu aseme kwamba haji tena, kwamba na yeye ana heshima zake, na kama shemeji anataka wa kumcheka akafuge kasuku. Dada yake alidhani mumewe atatabasamu kwa kejeli. Lakini Bwana Ulimi alivaa koti, akafunga chupa mbili kwa gazeti, akaenda kwa miguu mpaka kwenye kibanda cha cherehani.

"Nimekuja kuona kama ulimi wako umekomaa," alisema mlangoni, mbele ya wateja.

Fundi nusura amfukuze. Ila chupa ilikuwa ya baridi na jua lilikuwa kali. Alikunywa, akamimina nyingine mwenyewe. Akasema kwa shingo upande kwamba kuna ganda la chungwa, kuna mkate uliotoka tanurini, na ukakasi haupo.

"Mkate," alisema Bwana Ulimi. "Rudi kwenye suruali zako." Na daftari likatoka.

Ijumaa meneja alionja za wote wawili na hakumaliza hata nusu ya glasi ya Birika. Bwana Ulimi alipewa mkono wa pongezi. Hakushukuru. Alimtazama msaidizi wake na kumwambia kwamba kuonja ni kipaji, hakisomewi.

Jumamosi mkewe alitaka kufua lile koti, akakuta daftari mfukoni. Aliketi kwanza, maana matusi ya miezi mitano hayasomwi umesimama. Akafungua.

*Shemeji: pilipili manga, ukakasi kooni. Punguza rai gramu hamsini.*

*Mke wangu: ameisikia inaungua, akiwa chumbani. Mwaga yote.*

*Shemeji, kibandani: ganda la chungwa, mkate. Ameongeza bila kuombwa. Usibadilishe kitu.*

Alipekua mbele na nyuma akitafuta tusi, hakuliona. Lakini kila ukurasa, tangu ule wa wiki aliyoinuka kitandani baada ya homa, ulimalizika kwa mstari uleule:

*Mimi: maji.*