Sauti ya Bi Mwanasiti

Mama yangu, Bi Mwanasiti, alipasuka kidole tumbo siku tatu tu baada ya kuja kunitembelea ughaibuni. Hakuwa na bima. Katika nchi ile, mgeni asiye na bima hulipia upasuaji kwa sauti yake: hospitali huichukua iwe ya mashine zake, na mwenyewe hubaki bubu miaka kumi. Mama alikuwa amezirai, hivyo nikatia saini mimi.

Alipona, akarudi Pangani. Tangu hapo huniandikia kila Ijumaa, na hajawahi kunilaumu. Najilaumu mwenyewe.

Mwaka jana nilimpeleka binti yangu Ruzuna, wa miaka minne, hospitali ileile. Mashine ya mapokezi, inayozungumza lugha ya kila mgonjwa, ikasema kwa sauti ya mama, "Karibu, mwanangu. Unaumwa wapi?"

Ruzuna akanitazama usoni.

"Mama, mbona unalia? Nani huyo?"

"Ni bibi yako," nikasema.

Ruzuna akaisogelea mashine, akainamisha kichwa. "Shikamoo, bibi."

"Samahani, sijakuelewa," ikajibu. "Tafadhali taja tatizo lako."

Akarudia, kwa sauti kubwa zaidi.