Hatua ya Mwisho ya Kukata Laini

Siku hizo sheria iliruhusu sauti za marehemu kuendelea kuzungumza na jamaa zao kupitia mtandao. Lakini aliyeomba mafunzo ya uhandisi wa mitandao alipaswa, mbele ya wasaili, kukata kabisa, isirudi tena, laini ya marehemu wa nyumbani kwake, ili uthabiti wake uonekane.

Eufrasia alikuwa akijiandaa mezani. Aliyemuuliza maswali ya mazoezi, kupitia spika, ni baba yake, aliyezikwa mwaka uliopita.

"Taja hatua, mwanangu."

"Naingia kwenye mtambo, naitafuta laini yako, naizima."

"Halafu?"

Eufrasia aliinamia daftari lake.

"Usipohifadhi badiliko hilo, mtambo ukiwashwa upya laini itarudi, na wasaili watakufelisha. Rudia."

Alirudia, akaishia palepale.

"Wewe mtoto, jana uliijua!"

"Nimesahau, Baba."

"Hujasahau. Mama Eufrasia, hebu mwambie mwanao."

Mama, aliyekuwa akimenya viazi, aliweka kisu chini. Kila jioni alimwekea mumewe kiti karibu na spika, na hakuna aliyethubutu kukikalia. Alifuta mikono kwa kanga, akaja, akakaa juu ya kiti kile.

"Hifadhi," alisema. "Sema, mwanangu. Hifadhi."