Mstari Uliofichwa na Alama

Siku hizo mashine zilitii maelezo ambayo waandishi wa programu waliyaacha pembeni ya msimbo. Mwanakheri aliajiriwa kunyoosha alama za uandishi zilizovurugika ndani ya maelezo hayo, ambazo zilizifanya mashine zishindwe kuyasoma. Maneno yenyewe hakuruhusiwa kuyagusa.

Asubuhi hiyo, mezani jikoni kwake, alipewa faili la mashine za kupumulia. Alirekebisha alama mbili tu, akatuma, akanyanyua kikombe cha chai. Hapo mstari uliofichwa na alama zile miaka yote ukajitokeza kwenye skrini: "Mgonjwa akipita miaka sabini, punguza hewa kidogo kidogo."

Alihangaika kuirudisha kazi. Ilikuwa imekwishapokelewa, kwa shukrani.

Chumbani, mashine ya kupumulia ya mama yake, mwenye miaka sabini na mbili, ilishusha mvumo.

"Mwanangu," mama aliita, "hebu nifungulie dirisha."