Bomba Nene

Fundi Chambo alipoikata sailensa, ile ya kuzima kelele za gari, Hamdu hakutulia. Alilizunguka gari lake mara tano, kila mara akiinama kuchungulia uvunguni.

"Chomelea hilo bomba la maji, fundi. Ekzosi ya dukani siiwezi."

"Utatukanwa na mtaa mzima, kaka."

"Watukane tu. Ninamtafuta mtu mmoja."

Bomba halijapoa vizuri, Hamdu akaondoka kwa kishindo, kuku wakitawanyika, mpaka nyumbani kwao. Barazani alikaa baba yake, Mzee Shaibu, aliyekuwa fundi magari hadi mwaka jana, masikio yake yalipoziba. Tangu hapo hakumsemesha mtu.

Hamdu alilirudisha gari kinyumenyume, bomba likakaribia baraza, akakanyaga mafuta. Mzee hakugeuka. Akakanyaga tena, vikombe vikagongana kabatini.

"We Hamdu, una wazimu?" jirani alifoka dirishani.

Hamdu alikanyaga mara ya tatu, machozi yakimlengalenga, na safari hii hakuachia.

Mzee Shaibu aliweka mkono kifuani, kisha kwenye ukuta uliokuwa ukitetemeka. Akakunja uso. Aliinuka polepole, akalizunguka gari, akaweka kiganja juu ya boneti kama mtu anayepima homa ya mtoto.

"Plagi moja haichomi," alisema, sauti imemkauka. "Nani anakutengenezea gari siku hizi?"

Hamdu alifungua mdomo, lakini mzee hakuwa akimtazama. Alikuwa ameshaanza kukunja mikono ya kanzu.