Mashina Manane Chini ya Dirisha

Kuku mwekundu bado alikuwa na petali ya rangi ya chungwa mdomoni pale seremala mstaafu alipomdaka. Alimkamata mabawa yote mawili, akamwinua mpaka wakatazamana.

"Bi Mkubwa," alimwambia, "umenimaliza."

Bi Mkubwa akameza.

Chini ya dirisha la chumba cha nyuma mashina manane ya maua yalikuwa yamelala chali, mizizi juu, na kuku wengine sita walikuwa wakioga vumbi palepale, kila mmoja na shimo lake, kama wageni waliokodi vyumba.

Maua hayo aliyapanda binti yao, miaka kumi na moja iliyopita, wiki tatu kabla ya ugonjwa kumchukua. Nguo zake walizigawa. Kitanda kilikwenda kwa jamaa. Yalibaki maua, ya rangi ya chungwa yenye moyo mweusi, manane, chini ya dirisha lake. Kila yakianza kunyauka mke wa seremala alikuwa na jibu lilelile: "Hayafi haya. Yanadondosha mbegu, yanajiotea yenyewe." Na seremala, ambaye ya mbao aliyajua yote na ya udongo hakujua hata moja, aliamini.

Mkewe alikuwa amekwenda kumuuguza dada yake, siku nne. Siku ya kuondoka alisimama mlangoni na mkoba wake wa bluu.

"Baba, nakuachia maua na kuku. Nikirudi nivikute vyote viwili."

"Kwani huniamini?"

"Wewe nakuamini. Siwaamini hao wake wenzangu." Akatabasamu, mwanya ukaonekana, akaenda zake.

Utani huo ulikuwa wa siku nyingi. Kuku wa kwanza aliletwa na mke mwenyewe, ndani ya kapu, mwaka uleule wa msiba. Tangu hapo kila kuku akapewa jina, na kila asubuhi seremala aliketi kwenye kigoda akawahutubia habari za dunia.

Safari hii alilinda kweli. Alichimbia nguzo, akazungusha wavu, akatundika makopo matupu yapigwe na upepo. Akatengeneza na kilango, viungo vya kuchomeka, hakuna hata msumari mmoja. Siku tatu kuku walizunguka nje wakinung'unika.

Asubuhi ya nne alifungua kilango ili amwagilie maji. Simu ikalia ndani.

"Basi litafika saa kumi," mkewe alisema. "Maua yanaendeleaje?"

"Yamechangamka. Utayaona."

Wakati anasema hivyo ilikuwa kweli. Aliporudi ilikuwa uongo, na kilango kilikuwa wazi kama alivyokiacha.

Alipiga magoti, akajaribu kuyasimamisha. Aliyafunga kwa vijiti, akayashindilia udongo. Yaliegemeana kama walevi wanaosindikizana, kisha yakaanguka moja baada ya jingine. Katika kufukua, vidole vyake vilikuta vipande vya plastiki nyeusi vimenasa kwenye mizizi ya shina moja, halafu la pili, halafu la tatu. Takataka za upepo, aliwaza, akavitupa pembeni.

Alitazama panga lililoegemezwa ukutani. Bi Mkubwa naye alilitazama, kisha akamtazama yeye.

"Hata wewe usinitazame hivyo," alisema. Akaliacha panga palepale.

Kumwambia mkewe ukweli? Angeanzaje? Kwamba kitu cha mwisho kilichoshikwa na mikono ya mtoto wao kimeliwa na kuku wake yeye, kwa uzembe wake yeye? Alinawa mikono, akalifunga shina moja kwenye gazeti, akatoka kwenda barabara ya wauza miche. Hakuwahi kufika huko maishani mwake. Alitembea amelikumbatia lile gazeti, kila anayemsalimu akimwitikia bila kumwangalia usoni, kama mwizi aliyeiba kwake mwenyewe.

Wa kwanza alilitazama shina akatikisa kichwa. Wa pili alimwambia mzee, mimi nauza michungwa. Wa tatu, mwanamume wa buti za mpira, alilipokea, akaligeuza mara moja tu.

"Haya ninayo. Ila huwa namwekea mama mmoja, watu wengine hawayataki." Akaenda nyuma, akarudi na trei. "Labda unamjua. Mfupi, ana mwanya. Mkoba wa bluu. Anachukua manane, hapunguzi wala haongezi. Mwaka jana kaja mara tatu."

Miche ilikuwa imepangwa ndani ya vifuko vya plastiki nyeusi. Seremala alikipapasa kimoja kwa vidole: plastiki ileile ya kwenye mizizi.

"Anayafanyia nini?" aliuliza.

"Mzee wake anafuga kuku, wanayafukua. Basi anasubiri mzee atoke, anapanda mengine, anafagia, yamekwisha." Mwenye miche alicheka, akaanza kuihesabu miche kwenye boksi. "Nikamwambia, mama, kwa nini unajitesa, dawa ya kuku si sufuria? Akasema hapana. Walipofiwa na binti yao yule mzee alinyamaza miezi saba, hata salamu haitikii. Neno lake la kwanza alimwambia kuku."